Madamu, Usinyanyuke Kwenye Hicho Kiti

Asante, mwenyekiti. Wakubwa zangu, shikamooni. Kwenye ratiba nimeandikiwa "Usalama wa Kompyuta, dakika 40", na mmoja pale nyuma ameshaangalia saa. Usihofu, mwalimu, sianzi na historia ya kompyuta. Naanza na flashi.

Ninyi ndio wateja wangu wakubwa, na msimu wenu naujua. Mitihani ikikaribia, flashi inatoka shule, inakwenda steshenari kuchapisha, inarudi shule, inapita kompyuta ya ofisi, ya mkuu, ya mhasibu. Pale steshenari kompyuta ni moja, na kutwa nzima inachomekwa flashi za mji mzima. Halafu mnaniuliza virusi vinatoka wapi!

Mwaka juzi, jioni, nikapigiwa simu na mwalimu wa taaluma wa shule moja, siitaji, ni mbali na hapa. Analia. Mtihani wa muhula ni keshokutwa, masomo yote yamo kwenye flashi, na kila folda imeota kishale kidogo pembeni. Akibofya, haifunguki. Alishaipeleka laptopu kwa fundi wa jirani. Fundi akatazama, akaguna, akasema dawa yake ni kupiga Windows, yaani kuiweka upya. Elfu ishirini ikatoka, Windows ikapigwa, flashi ikachomekwa: vishale vilevile.

Hili nimelisema mpaka mke wangu amelikariri. Windows inakaa kwenye kompyuta. Mitihani ilikuwa kwenye flashi. Unaumwa jino, mtu anakukata kucha na anakudai hela! Na hatua iliyofuata, fundi alishamwandaa kisaikolojia, ilikuwa kuiformati flashi, yaani kuifuta yote. Hapo sasa mitihani ingezikwa kweli.

Kirusi cha aina ile hakifuti kazi zako. Kinazificha. Kinazipachika folda alama mbili, ya "fichwa" na ya "mfumo", kisha kinaweka pale njia ya mkato yenye jina lilelile. Ndicho kile kishale. Tazameni ukubwa wake: kilobaiti 1 au 2. Mitihani ya Kidato cha Nne, masomo kumi, kilobaiti 2? Ukibofya, unakiamsha kirusi, nacho kwa adabu zake kinakufungulia folda halisi ili usishtuke. Siku kizuia virusi kikikikamata kirusi hicho, njia ya mkato inabaki haina pa kukupeleka, nanyi mnakuja dukani kwangu kushtaki kwamba antivirusi imekula kazi. Haijala kitu. Kazi ipo palepale, imejifunika shuka.

Najua kuna mtaalamu hapa atasema, "Fundi, mimi niliweka kuonyesha vilivyofichwa na sikuona kitu." Ndiyo, kwa sababu ya ile alama ya pili. Kuna tiki nyingine, chini kidogo, inayoficha mafaili ya mfumo. Hiyo nayo uiondoe.

Basi, turudi kwa madamu, yule mwalimu wa taaluma. Bando lake limekata, mtandao wa pale unayumba, na mimi niko mkoa mwingine. Watu wakisikia msaada wa mbali wanadhani ni lazima AnyDesk, ile programu ya kuingia kwenye kompyuta ya mtu ukiwa mbali. Siku hiyo msaada ulikuwa sauti yangu tu. Kwanza nikamwambia akiwashe kizuia virusi kilichokuja na Windows yenyewe, kipo bure tangu Windows 8. Kilikuwa kimezimwa! Aliyekizima ni fundi wetu, maana Windows aliyopiga ni ya kudukua, na kile kiprogramu cha kuifungua hakikubali kufanya kazi mpaka mlinzi alazwe. Sasa mtu anakuambia fukuza mlinzi ndipo nikufungie kufuli jipya, nawe unamlipa. Haya, niliache hilo, litanipandisha presha.

Mlinzi akaamka, akasafisha laptopu na flashi. Ni lazima uanze hivyo, maana ukifichua folda kwenye mashine ambayo bado ni chafu, dakika haiishi zimefichwa tena. Ndipo nikamwelekeza afungue lile dirisha jeusi la kuandika amri, Command Prompt, nikaanza kumsomea amri ya kuziondoa zile alama. Andika attrib. Nafasi. Kistari, h. Nafasi. Kistari, r. Nafasi. Kistari, s. Nafasi. Sasa mkwaju, s.

Kimya.

"Fundi, mkwaju upi?"

"Mkwaju, madamu."

"Ule wa juisi?"

Nikamwambia tazama kitufe chenye alama ya kuuliza, ule mstari ulioinama. Mkwaju s, nafasi, mkwaju d, nafasi, E, nukta pacha, halafu mkwaju wa kinyume, upo karibu na Enter, nyota, nukta, nyota. Ile E ni kwa sababu flashi yake ilikaa kwenye E, yako inaweza kuwa D au F, tazama kwanza. Jumla dakika ishirini na tano, kwa mstari mmoja! Mara tatu alisahau nafasi. Akabonyeza Enter, mshale ukapepesa, kisha nikasikia ukelele. Folda zote zilikuwa zimerudi. Nikamwambia nakili kwanza kwenye kompyuta, kushangilia baadaye.

Sasa hapa ndipo ninapopataka. Kesho yake akaweka bando, nikamwomba aweke AnyDesk nikague laptopu yote. Akanisomea namba, nikaomba kuingia, akabonyeza Kubali. Kipanya chake kikaanza kutembea chenyewe. Akaniambia, "Fundi, endelea, mimi nakwenda kunywa chai."

Nikakata.

Akapiga, amekasirika. "Mbona umekata?" Nikamwambia, madamu, usinyanyuke kwenye hicho kiti. Hujui umeniruhusu nini. Mimi sasa nina macho yako na mikono yako. Naona barua pepe yako, naona WhatsApp uliyoiacha wazi kwenye kivinjari, naona mitihani ambayo mpaka mwalimu mwenzako haruhusiwi kuiona. Akasema, "Lakini wewe nakuamini." Vizuri. Niamini ukiwa umekaa. Chai ilete mezani.

Na msiniambie "mimi sina cha kuibiwa". Una namba ya NIDA, una hati za mshahara, una mafaili ya wanafunzi mia nane.

Nalikazania hili kwa sababu matapeli wanatumia programu zilezile tunazotumia mafundi. Anakupigia, sauti nzuri, Kiingereza kimenyooka, anasema yeye ni Microsoft, kompyuta yako inatuma virusi. Jamani! Hela ya Windows hamjawalipa, wawapigie simu ya kuwajulia hali? Microsoft hawampigii mtu ambaye hajawatafuta, na ujumbe wao wa hitilafu hauna namba ya simu. Ukiona skrini imejaa maandishi mekundu na namba ya kupiga, huo ni ukurasa tu wa kivinjari, funga.

Yule wa simu atakufungulia sehemu inaitwa Event Viewer, akuonyeshe alama nyekundu na za njano, mamia. "Unaona virusi hivyo?" Siyo virusi. Ni daftari la kompyuta. Yangu hii, nzima kabisa, nimeifungua asubuhi hii, imejaa nyekundu. Ukishatishika ndipo anaomba umruhusu aingie. Ni ndugu yake yule wa "ile hela tuma kwenye namba hii", ila huyu amevaa tai. Meseji za yule mpelekeeni TCRA, 15040.

Kwa hiyo, fundi ni yule uliyempigia wewe. Kazi ikiisha, ifunge programu, iondoe kabisa, na uhakikishe hajaacha neno la siri la kuingia bila wewe kubonyeza Kubali. Wenye Windows 10 na 11 mna Quick Assist, programu ya Microsoft yenyewe ya msaada wa mbali, msimbo anakupa msaidizi.

Mwenyekiti ananionyesha vidole vitano. Nilitaka kusema kuhusu WannaCry, kirusi cha kufunga mafaili, Mei 2017, waliofungiwa wakadaiwa dola 300, wakati dawa ilitoka tangu Machi na watu hawakusasisha. Windows 10 nayo imeachwa mkono tangu 14 Oktoba 2025. Kuhifadhi nakala, nilikuwa na kurasa mbili, basi.

Nani ana flashi hapa? Leteni, laptopu hii haina mitihani ya mtu.

Hii yenye kamba ya bluu ya nani? Haya, tazameni ukutani. Folda kumi na moja. Vishale kumi na moja. Usicheke, mwalimu wa hesabu, yako ndiyo inafuata. Madamu, njoo. Hapana, mimi sikai, kaa wewe, mimi nasimama huku nyuma na mikono mfukoni. Andika attrib. Nafasi. Mkwaju tutaufikia.