Kwa Nini Nimeamua Kugombea Udiwani

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nieleze imekuwaje mtu aliyezoea kusimama nje ya ukumbi wa baraza akiwa na bango mkononi, leo anaomba kura aingie ndani.

Nianze na siku moja. Tulikuwa tumeandika barua tatu kuhusu mtaro wa maji machafu unaopita kando ya shule. Mvua ikinyesha, watoto huuvuka wakiwa wamebeba viatu. Barua ya tatu ikajibiwa, tukaitwa kikaoni. Tulipewa viti, tukasikilizwa kwa adabu. Kisha ofisa mmoja akatuambia, kwa upole kabisa, kwamba bajeti ya mwaka huo ilikuwa imeshapitishwa miezi miwili nyuma. Hakutudharau, wala hakusema uongo. Nikatoka pale nikijua kwamba miaka yote ile nimekuwa nikibisha hodi kikao kimeshavunjika.

Mtetezi ana sauti, kura hana. Baraza la madiwani, kwa kawaida, hupitisha makisio ya mapato na matumizi, hutunga sheria ndogo, na huwasimamia watendaji. Mimi naweza kuzungumza juu ya hayo yote mpaka nikaukwe koo. Siwezi kuinua mkono yanapoamuliwa.

Msinielewe vibaya, utetezi una nguvu. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 lililokuwa lijengwe ndani ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Hakuwa na cheo serikalini. Aliandika barua, akatukanwa hadharani, hakunyamaza. Wawekezaji wakajitoa, jengo halikujengwa. Lakini mama huyo huyo aligombea ubunge mwaka 1997 akashindwa, akarudi mwaka 2002 akashinda katika jimbo la Tetu. Sitaki kumsemea. Nasema ninachokiona mimi: kuzuia jambo baya ni kazi moja, na kuanzisha jambo jema linalohitaji fungu la fedha ni kazi nyingine. Ya kwanza unaweza kuifanya ukiwa barabarani. Ya pili huamuliwa mezani, ukurasa kwa ukurasa.

Na aliyekaa kwenye meza hiyo hubadilisha kinachoandikwa. India ilirekebisha katiba yake, na tangu mwaka 1993 angalau theluthi moja ya viti vya mabaraza ya vijiji, na angalau theluthi moja ya nafasi za wakuu wa mabaraza hayo, zimetengewa wanawake. Watafiti walipolinganisha vijiji vya West Bengal na Rajasthan, waliona kwamba palipoongozwa na mwanamke, fedha nyingi zaidi zilielekezwa kwenye maji ya kunywa. Sheria za matumizi ya fedha zilikuwa zile zile. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na adha ya maji anaijua anayeyabeba kichwani. Mimi nimeuvuka ule mtaro. Sidai kwamba hilo linanifanya mwema kuliko wengine, ila sitahitaji kuelezwa uko wapi.

Sasa niwaambie sababu nilizozikataa, maana zilinijia. Hasira ilikuja kwanza. Nilitaka kumwangusha mtu. Nikaiacha, kwa kuwa mtu huyo akishaondoka mimi ningebaki sina cha kufanya. Kisha zikaja sifa: watu wakiniambia kila siku kwamba nafaa, nafaa, mpaka nikaanza kuipenda sauti yangu mwenyewe. Aliyenirudisha chini ni mama yangu. Aliniuliza, "Mwanangu, ukishindwa, utarudi kwenye mtaro?" Nilikaa siku nyingi na swali hilo kabla ya kuchukua fomu. Nitarudi, mama. Kama jibu lingekuwa hapana, nisingechukua.

Kuna hofu moja bado inaninyima usingizi, na hii naomba mnisaidie kuibeba. Mtetezi akipata kiti, mtaa hupoteza mlinzi. Mnajua wenzetu walioingia kwenye mabaraza wakiwa na moto, kikundi walichokiacha nyuma kikafa, na wao wakazoea. Hawakuwa watu wabaya. Hapakuwa na mtu wa kuwabishia hodi. Ndani ya kikao kuna faili nene, kuna wenzako wa chama wanaotaka uelewane nao, na neno "subiri" huanza kusikika kama busara.

Kwa hiyo wiki iliyopita nilikabidhi daftari la kikundi chetu. Barua zote zimo, na tarehe ambazo hazikujibiwa. Dada aliyelipokea ni mkali kuliko mimi, na anasoma makisio ya fedha vizuri kuliko mimi. Tumekubaliana hivi: nikishinda, barua ya kwanza ya kudai mtaro urekebishwe nitaandikiwa mimi, kwa jina langu, na itasomwa hapa hapa mbele yenu.