Yai la kobe siyo yai la kuku

Mnanisikia huko nyuma? Haya. Nianze na swali ambalo watu wanaliruka, hivi hayo mayai ya kobe kweli yanahitaji kuokolewa? Mtu akiona kobe anataga kwenye bustani yake tayari kakimbilia ndoo, na kiota chenyewe hakina shida yoyote. Kama unaogopa wanyama watafukua, funika na wavu wa waya, acha matundu pembeni vitoto vipate pa kutokea, basi. Na nchi nyingi kuchukua mayai ya kobe wa porini bila kibali ni kosa, ya kasa wa baharini ndo usiguse kabisa, waite watu wa wanyamapori.

Ila kuna siku hakuna jinsi, katapila limeshafumua kiota, au mama kagongwa na gari mayai yamo tumboni. Sasa hapo ndo wengi tunaharibu. La kuku unaligeuza, la kobe hapana! Ndani ya siku moja hivi tangu litagwe kiinitete, yaani mtoto anayeanza kuumbika, kinajishikiza juu kwenye ganda, ukilipindua baada ya hapo kinaweza kufa na wewe kwa nje huoni kitu, unakaa miezi 2 unalea yai uliloliua mwenyewe. Kwa hiyo kabla hujanyanyua chora alama juu kwa penseli, na alama iangalie juu mpaka mwisho. Yale ya tumboni bado hayajashikiza, ila ukishayalaza ndo hivyohivyo.

Kontena lenye kifuniko, weka vamikulaiti, yale madini mepesi ya kuoteshea miche yanayoshika maji, iloe kiasi, ukiikamua isidondoshe maji, yafukie nusu. Joto nyuzi 26 mpaka 30, na themomita ikae na mayai siyo ukutani jamani. Kobe wengi jinsia yao inaamuliwa na hilo joto, kwa mfano yule kobe wa majini anayeitwa wa masikio mekundu, nyuzi 26 ni madume, 31 ni majike. Ukipandisha moto ili watoke haraka utatotoa ukoo mzima wa wasichana.

Yakianza kupasuka kaa mbali. Mtoto ana kijino mdomoni, anatoboa mwenyewe halafu anaweza kukaa mlemle siku nzima au zaidi anamalizia kiini chake. Najua mkono unawasha, mimi wa kwanza nilimvuta, mfuko wa kiini ukachanika, akafa kiganjani. Wakishaumaliza huo mfuko wa kiini warudishe kulekule walikotoka, siyo bwawa lingine umeliona zuri. Haya, nani ana swali?