Karatasi Nne Zilizochomoka

Mabibi na mabwana, mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha mitihani anajua hili. Wanafunzi wawili wakipata jibu sahihi, hujui kitu. Wakiandika upuuzi uleule, kwa maneno yaleyale, unajua mmoja alichungulia kwa mwenzake, au wote walichungulia kwa mtu wa tatu. Kazi yetu sisi tunaohangaika na maandiko ya Kilatini ni hiyohiyo, ila watuhumiwa wetu walikufa zamani.

Chukueni shairi la Mroma Lucretius kuhusu asili ya vitu. Yeye aliishi karne ya 1 kabla ya Kristo, na hati kamili kongwe tulizo nazo, yaani nakala zilizoandikwa kwa mkono, ni mbili tu, za karne ya 9. Zote ziko Leiden, Uholanzi. Moja ni ndefu, inaitwa Oblongus. Nyingine imekaa kimraba, inaitwa Quadratus. Wenzangu si hodari wa kubuni majina.

Sasa, katika Quadratus mafungu manne ya mistari yameng'oka mahali pake yakarundikwa mwisho wa shairi. Katika Oblongus yamo palepale yanapostahili. Mtasema mnakili alisinzia. Haya, hesabuni mistari: 52, 52, 52. Fungu la nne lina 50, lakini lilikuwa na vichwa viwili vidogo ndani yake, kwa hiyo nalo ni 52. Usingizi gani huo wenye hesabu? Karatasi moja ina kurasa mbili, na nusu ya 52 ni 26. Basi palikuwa na kitabu cha mistari 26 kwa ukurasa. Kikachakaa, karatasi nne zikachomoka, mtu akaziokota akazichomeka nyuma. Kitabu chenyewe hakipo. Karl Lachmann, mwanazuoni Mjerumani aliyetoa toleo lake la shairi hilo Berlin mwaka 1850, alikipima kama fundi cherehani anayempima mtu asiyekuwepo kwa kanzu aliyoiacha.

Njia hii ya kufuata makosa ili kujua hati ipi ilinakiliwa kutoka ipi hugoma mahali. Mtawa anayenakili huku ana vitabu viwili mezani huokota neno huku na neno kule, na ukoo wa hati unavurugika. Oblongus yenyewe ilipitiwa na msahihishaji. Bernhard Bischoff, mtaalamu wa miandiko ya kale, aliutambua mkono wake kuwa wa Dungal, mtawa wa Ireland.

Na kuna makosa ambayo hati zote zinayo. Hapo kulinganisha hakusaidii, inabaki akili. Katika barua ya 89 ya Seneca, mwanafalsafa wa Roma, hati zilisomeka hivi: falsafa "ipso enim nomine fatetur. Quidam et…", yaani "inakiri kwa jina lake lenyewe. Baadhi na…" Inakiri nini? Mwaka 1871 Madvig, mwanazuoni wa Denmark, alikumbuka kwamba Warumi waliandika maneno bila kuacha nafasi: QUIDAMET. Mnakili alikata "quidam et". Madvig akakata "quid amet", "inapenda nini". Falsafa inakiri kwa jina lake inachokipenda, na kweli, kwa Kigiriki jina hilo maana yake ni kupenda hekima. Hapo hakuongeza hata herufi moja. Alisogeza kisu tu.

Mkidhani ni kazi rahisi, mkifika nyumbani andikeni NIPEMBAAZI, mumpe mgeni anayejifunza Kiswahili aikate. Ninyi mnataka mbaazi zenu za nazi, yeye atawapandisha boti ya Pemba.