Nyangumi, Windo na Mchezo wa Harambee

Mwenyekiti, wazee wetu, ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Tangazo la mlangoni linasema nitazungumzia "akili za makabila". Maneno hayo si yangu, na nitajitahidi kuyakwepa. Swali langu ni hili: kwa nini watu wa sehemu mbalimbali wakipewa mtihani uleule wa kugawana, kila jamii hujibu kivyake? Na je, tofauti hiyo imo damuni?

Mtihani wenyewe ni mchezo. Wanachukuliwa watu wawili, hakuna anayemjua mwenziwe. Mmoja anapewa fedha, tuseme ujira wa siku moja, aamue atamgawia mwenzake kiasi gani. Mwenzake akikubali, kila mtu anaondoka na fungu lake. Akikataa, fedha zinarudi zilikotoka, wote mikono mitupu.

Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani walikuwa wakitoa karibu nusu, na aliyepunjwa alikataa kwa hasira. Wataalamu wakadhani hiyo ndiyo hulka ya binadamu. Katikati ya miaka ya 1990, mwanaanthropolojia Joseph Henrich akaupeleka mchezo kwa Wamachiguenga katika misitu ya Peru. Wao walitoa wastani wa asilimia 26, na wapokeaji karibu wote walichukua bila kinyongo. Kukosa kuwa mgawaji ni kukosa bahati tu. Ugomvi wa nini?

Baadaye mchezo ukachezwa katika jamii ndogo 15, na hapo ndipo palipo na utamu. Wawindaji nyangumi wa Lamalera, Indonesia, wengi wao walitoa nusu au zaidi. Nyangumi hauawi na mtu mmoja, na akishafika pwani kila kipande kina mwenyewe kwa kanuni. Waau na Wagnau wa Papua Guinea Mpya walikataa hata mafungu yaliyozidi nusu, maana kwao zawadi kubwa ni deni. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, tunaowasifu kwa kugawana nyama, walitoa kidogo na kukataa sana. Kumbe ugawanaji wao una manung'uniko: wapo wawindaji wanaosubiri giza pembezoni mwa kambi ndipo waingize windo. Msicheke. Nani hapa hajawahi kufunika sufuria aliposikia hodi?

Lakini ninaowapenda zaidi ni Waorma wa Kenya. Mwanaanthropolojia Jean Ensminger aliwapa mchezo mwingine, wa kuchangia mfuko wa pamoja ambao huongezwa kisha hugawanywa sawa kwa wote. Mjanja asingetoa kitu, angesubiri jasho la wenzake. Waorma walipousikia tu, wakaubatiza jina: mchezo wa harambee. Wakachanga vizuri, kwa wastani zaidi ya nusu ya walichonacho. Hawakukaa kupiga hesabu. Walikuwa wameshachangia vya kutosha shule na miradi ya kwao, wakaujua mchezo kama unavyomjua ndugu kwa sauti yake.

Watafiti walipolinganisha jamii hizo, umri na jinsia ya mchezaji havikueleza mengi. Kilichoeleza ni jinsi jamii inavyoishi: inategemea soko kiasi gani, na riziki yake inahitaji mikono mingapi kwa pamoja.

Sasa turudi kwenye lile swali la damu: mageuzi ya viumbe, yale ya kurithishana kizazi hadi kizazi, yameingia wapi? Kwa maoni yangu, tulichorithi sote ni uwezo wa ajabu wa kunasa kanuni za wanaotulea, tena tungali wadogo, bila kujua kwamba tunafundishwa. Kanuni zenyewe hazimo kwenye jeni.

Mwenye shaka aende Ningxia, kaskazini mwa China. Baada ya 1949 serikali ilianzisha mashamba yake huko, na watu wakapangiwa tu: hawa mpunga, hawa ngano. Watafiti Thomas Talhelm na Xiawei Dong walipowapima wakulima hao, wa ngano walipochora duara la nafsi zao na maduara ya rafiki zao, walijichora wakubwa kuliko walivyojichora wa mpunga, ishara ya mtu kujitanguliza. Wa mpunga nao walimpendelea rafiki zaidi kuliko mgeni. Mpunga unataka maji ya mfereji mmoja. Huwezi kufungua yako bila jirani kujua. Yote hayo yametokea ndani ya umri wa mtu mmoja.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Yule mzee wa mbele aliyeguna niliposema harambee, aanze yeye na swali lake.