Kodi ya serikali na kodi ya mwenye nyumba

Haya jamani tukae, walio mlangoni sogeeni mbele huku viti vipo. Angalau hapa ndani viti vinatosha, nyumba ndo hazitoshi.

Nianze na neno. Sisi waswahili pesa unayompelekea mwenye nyumba tunaiita kodi, na ile inayokatwa na serikali nayo tunaiita kodi, mshahara ukiingia zote mbili zinakusubiri mlangoni. Leo naongelea hiyo kodi ya kwanza, kwa nini inapanda tu, na ile ya pili inaweza kusaidiaje. Maana hakuna serikali inayokaribia uchaguzi bila kutamka "makazi ya gharama nafuu", na mimi hilo neno nafuu nikilisikia nauliza kwanza, nafuu kwa nani? Kipimo kinachotumika sana ni kwamba nyumba isimeze zaidi ya asilimia 30 ya kipato cha kaya. Sawa, ila mwenye kipato kikubwa akilipa hata nusu bado anakula vizuri, wa chini akilipa hiyo 30 ndo hivyo tena, kwa hiyo hicho kipimo tukishike kwa vidole viwili tu.

Sasa njia ambayo serikali inaipenda kuliko zote ni kumpa mnunuzi pesa. Ruzuku, mkopo nafuu, msamaha wa kodi, inaonekana haraka na picha zinapigwa. Hebu fikiria basi la mwisho usiku, viti 30, abiria 50 kituoni, konda kapandisha nauli. Serikali inakuja inamwongezea kila abiria nauli mfukoni. Konda atafanyaje? Atapandisha tena, na wale 20 watabaki pale pale kituoni, tena wakiwa na pesa mkononi. Uingereza walifanya kitu kama hicho kuanzia 2013 kwa mpango wao wa Help to Buy, serikali inakukopesha sehemu ya bei ya nyumba mpya, na watafiti waliokuja kuupima walikuta kule London, ambako kupata kiwanja cha kujengea ni mtihani, kilichopanda zaidi ni bei. Simaanishi ruzuku haifai kabisa, namaanisha viti kwanza.

Viti vinapatikanaje? Hapa nivumilieni kidogo, ndo penyewe.

Chukua gorofa moja ulipasue bei yake. Kuna kiwanja, kuna saruji na nondo na fundi, hivyo kila mtu anaviona. Visivyoonekana ni muda na riba. Mjenzi amekopa, kibali kinazunguka ofisi hadi ofisi mwaka mzima, benki haimsubirii, riba inatembea hata jumapili, na hiyo yote atakuja kuilipa mpangaji ambaye wala hajui kama hiyo ofisi ipo. Kwa mnunuzi ni vile vile. Kopa milioni 10 kwa miaka 25 kwa riba ya asilimia 5, mpaka unamaliza umelipa kama milioni 17 na nusu. Riba ikiwa 15, unalipa zaidi ya milioni 38! Nyumba ile ile, choo kile kile, dirisha lile lile. Kwa hiyo serikali ikishusha riba kwa njia ya maana, au ikifupisha safari ya kibali, imeshusha bei bila kugusa tofali.

Halafu kuna masharti ya mipango miji. Kuna miji kibao inalazimisha kila nyumba iwe na nafasi ya kupaki gari. Gari moja, ukihesabu na njia ya kugeuzia, linakula karibu mita za mraba 25 hadi 30, yaani chumba na jiko cha mtu anayeanza maisha. Tumelijengea gari nyumba, mwenye gari bado anatafuta chumba. New Zealand mwaka 2020 iliziambia halmashauri za miji zifute hilo sharti, na kabla ya hapo, 2016, jiji la Auckland lilikuwa limeshabadilisha ramani yake likaruhusu nyumba za kubanana na za kwenda juu kwenye karibu robo tatu ya maeneo ya makazi, na vibali vya kujenga vikaongezeka kweli kweli. Serikali haikutoa saruji, iliondoa katazo.

Ila nisiwadanganye kwamba soko likiachiwa litamjengea kila mtu, wa chini kabisa halimjengei, hesabu zake hazikubali. Singapore walianzisha shirika lao la nyumba, HDB, mwaka 1960, mwaka uliofuata moto ukateketeza mtaa wa Bukit Ho Swee watu kama 16,000 wakabaki nje, na shirika likajenga magorofa pale pale palipoungua. Mwaka 1966 wakapitisha sheria ya kuchukua ardhi, na kuanzia 1968 mtu akaweza kutumia akiba yake ya uzeeni kununua. Leo wakazi karibu asilimia 80 wanaishi kwenye nyumba za HDB. Tunapenda kusifia majengo lakini siri ilikuwa ardhi, na wenye ardhi hawakulipwa bei ya soko, kuna familia ziliumia. Na unanunua miaka 99, si milele. Anayetaka kuiga aige na hayo.

Vienna nao, mji mkuu wa Austria, na hapa zile kodi mbili zinakutana, mwaka 1923 jiji lilianzisha kodi ya ujenzi wa nyumba, anayekaa nyumba ya kawaida analipa kidogo, anayekaa kwenye kasri anakamuliwa. Mpaka 1934 zikajengwa nyumba zaidi ya 60,000, nyingine zikiwa ndani ya jengo moja liitwalo Karl-Marx-Hof, lenye urefu unaozidi kilomita moja. Na hawakuziuza! Uingereza kuanzia 1980 waliwauzia wapangaji nyumba za halmashauri kwa punguzo kubwa, England peke yake karibu milioni 2, aliyenunua alifurahi na haki yake, lakini nyingi hazikujengewa mbadala, na nyingine leo zinapangishwa na watu binafsi kwa kodi ya juu.

Naona mkono pale nyuma. Ndiyo dada? ... Anauliza mbona kuna sehemu serikali imejenga nyingi na zimekaa tupu. Swali zuri, ndo nilikuwa naliogopa. Mexico mikopo ya nyumba ilimwagwa, wajenzi wakafuata ardhi ya bei rahisi, na ardhi ya bei rahisi iko mbali, kwa hiyo mitaa mizima ya vijumba vilivyofanana ikaota nje ya miji, hakuna kazi karibu, shule shida, basi ni la kubahatisha. Sensa ya 2010 ilikuta nyumba kama milioni 5 hazina mtu nchini kote. Si kwamba watu hawakuzihitaji. Mtu alipewa funguo, akahamia, akapiga hesabu ya nauli ya kwenda kazini na kurudi mwezi mzima, akaona inazidi kodi aliyokuwa analipa zamani, akafunga mlango akarudi mjini kupanga.

Haya, nani mwingine? Kaka mwenye shati la bluu.