Mama Aliona Mapema: Usonji na Familia za Weusi Marekani

NEEMA: Karibuni tena kipindini. Kaka Salim, leo ni watoto wadogo wenye usonji, yaani autism, kwenye familia za Weusi hapa Marekani. Na kuna takwimu inanikera.

SALIM: Ilete, dada.

NEEMA: Mwaka 2020 jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti wa watoto 584 wa Wamarekani Weusi. Kwa wastani walithibitishwa kuwa na usonji wakiwa na miezi karibu 65, miaka mitano na ushei. Wazazi wao walikuwa na wasiwasi zaidi ya miaka mitatu kabla ya hapo.

SALIM: Miaka mitatu! Ndiyo maana nachoka nikisikia eti hizi jamii zinahitaji kuelimishwa. Mama kaona mtoto haitiki akiitwa, mchana kutwa kupanga vigari mstari mmoja. Kasema. Anajibiwa, wavulana huchelewa kusema, tungoje.

NEEMA: Au anaambiwa mtoto mkorofi. Mtafiti David Mandell na wenzake waliliandika hili mwaka 2007, wakitazama watoto wa Philadelphia: wote walikuja kuthibitishwa na usonji, lakini wale Weusi mara nyingi zaidi walianza kwa kuandikiwa matatizo ya tabia.

SALIM: Mzizi wake wa zamani. Daktari Leo Kanner wa Baltimore, aliyeeleza usonji mwaka 1943, aliandika juu ya watoto 11, na akasisitiza usomi wa wazazi wao. Picha ya mtoto wa kizungu wa nyumba ya wasomi ikaganda vichwani mwa madaktari.

NEEMA: Sasa kila taasisi inasema huduma zake zinaheshimu utamaduni. Ukichungulia, wamebadilisha picha ya kipeperushi tu. Mtoto mweusi anacheka, basi, kazi imeisha.

SALIM: (anacheka) Na chakula cha bure siku ya uzinduzi.

NEEMA: Mimi nataka kuona kitu kama FACES, mpango wa Jamie Pearson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina. Wiki sita, wazazi Weusi wanakaa pamoja: usonji ni nini, haki zao ni zipi, kwenye kikao cha shule cha kupanga elimu ya mtoto waseme nini. Kule Detroit naye Camille Proctor, mwenyewe mama wa mtoto mwenye usonji, alianzisha shirika la Color of Autism mwaka 2009.

SALIM: Hicho kikao cha shule, dada! Mama mweusi akipaza sauti kidogo, anaitwa mkali. Akinyamaza, hajali mtoto.

NEEMA: Na mipango yenyewe ya tiba wanayopewa! "Mzazi akae chini acheze na mtoto kila jioni." Mzazi gani? Mama yuko zamu ya usiku, anayeshinda na mtoto ni bibi. Mfundisheni bibi! Halafu nywele. Mtoto anayeumizwa na kila mguso kichwani, kumsuka ni vita, kwa kinyozi ni vita. Mtaalamu ambaye hajawahi kushika nywele zetu hawezi kufikiri kwamba hilo ni lengo la tiba. Anaandika "atavaa soksi mwenyewe".

SALIM: Soksi nazo muhimu.

NEEMA: Muhimu, ndiyo, ila muulize mama kwanza kinachomliza ni kipi. Pengine atakwambia Jumapili, kwa sababu ngoma za kanisani zinamfanya mtoto azibe masikio na kupiga kelele, na familia imeacha kwenda.

SALIM: Mimi ningeweka polisi juu ya orodha ya malengo. Unamkumbuka Charles Kinsey, North Miami, 2016? Mhudumu mweusi, kalala chali mikono juu, anaeleza kwamba kijana aliye naye ana usonji na ameshika gari la kuchezea. Polisi akampiga risasi mguuni.

NEEMA: Kwa hiyo mzazi akiuliza, "Mtamfundishaje mwanangu kuitikia polisi?", asionekane ana hofu za bure. Mwanawe ana miaka minne leo. Atakuwa mrefu.

SALIM: Na wenzetu Wakongo waliokuja kama wakimbizi? Kuna wanaoambiwa waache Kiswahili nyumbani, mtoto asichanganyikiwe.

NEEMA: Wasiache. Tafiti hazioneshi kwamba lugha mbili zinamrudisha nyuma mtoto mwenye usonji. Mkiacha, bibi atamwimbia kwa lugha gani? Na sheria ya elimu maalumu, IDEA, inataka mtoto apimwe kwa lugha yake inapowezekana, na mzazi apate mkalimani kikaoni.

SALIM: Wa kulipia?

NEEMA: Wa bure. Na kama mtoto hajafika miaka mitatu, usingoje daktari akupe barua. Piga simu mwenyewe ofisi ya huduma za awali (early intervention) ya jimbo lako, uombe tathmini. Nayo bure. Wana siku 45 za kumpima na, akistahili, kukaa nanyi kupanga huduma. Andika tarehe uliyopiga na jina la aliyepokea.

SALIM: Akishafika mitatu?

NEEMA: Unaomba tathmini kwa wilaya ya shule, kwa maandishi. Nakala ubaki nayo.