Mgonjwa Anayerudi: Tunachodaiwa na Maveterani wa Marekani

Mwenyekiti, walimu wangu mliotangulia, wauguzi, wanafunzi wa udaktari na famasia, hamjambo. Nashukuru kwa kualikwa. Najua wengi mmeshanisikia nikilisemea jambo hili, na leo nitalisema tena bila kuona haya, maana hali kwenye kliniki zetu za presha haijabadilika.

Mtu mwenye 180 kwa 120 anaingia kwa miguu yake, anakusalimia vizuri, anakwambia, "Daktari, mimi siumwi, nimeletwa na mwanangu tu." Unampa dawa za mwezi mmoja. Mwezi wa pili haonekani. Mnakuja kukutana wodini baadaye, upande mmoja umepooza, mdomo umekwenda kombo, na mwanawe amesimama kando ya kitanda hana la kusema. Unaomba faili lake la kliniki, halipo. Presha yake miezi sita iliyopita ilikuwa ngapi? Alikuwa anameza dawa gani? Aliacha lini? Hakuna ajuaye. Tumempoteza mtu, na hatukujifunza chochote kutokana na kumpoteza.

Sasa niwaulize wanafunzi. Nani aliwaambia kwamba mtu asiyeumwa popote anapaswa kumeza dawa kila siku maisha yake yote? Mtasema mmesoma kitabuni. Kitabu nacho kilipata wapi?

Kilipata kwa maveterani, yaani wanajeshi wastaafu wa Marekani. Mada yangu ni hiyo.

Mnakumbuka Rais Roosevelt alikufa tarehe 12 Aprili 1945 kwa damu kuvuja ubongoni. Presha yake ilikuwa juu kwa miaka, na siku ile ilipimwa ikakutwa 300 kwa 190. Huyo ndiye mtu aliyekuwa na madaktari bora kuliko mtu yeyote nchini mwake, na hawakuwa na dawa ya maana ya kumpa. Hata dawa zilipoanza kupatikana miaka ya 1950, madaktari waligawanyika. Wapo walioshikilia kwamba mwili wenyewe ndio unaopandisha presha ili damu ipenye kwenye mishipa iliyokakamaa, na ukiishusha utaunyima ubongo na figo damu. Halafu dawa zenyewe zilikuwa na adha. Reserpini ilimfanya mtu awe mzito, mwenye huzuni, pua zimeziba. Hidralazini ilimpa maumivu ya kichwa na moyo kwenda mbio. Umwambie mtu asiyeumwa ameze vitu hivyo kwa sababu gani?

Edward Freis, daktari katika hospitali ya maveterani ya jijini Washington, aliona mabishano hayo hayatamalizwa kwa mdomo. Yeye na wenzake katika hospitali kadhaa za maveterani waliandaa utafiti mmoja wenye utaratibu mmoja. Na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo, maana kwenye mitihani mnaandika matokeo ya utafiti huu kwa mstari mmoja, ilhali somo lenyewe limo katika namna ulivyofanywa.

Kwanza, hawakumpima mtu mara moja pale mlangoni wakamwandika. Walimlaza, wakamwacha siku kadhaa bila dawa, wakampima tena na tena mpaka presha ikatulia. Wangapi hapa tunamwandikia mtu dawa za maisha kwa kipimo kimoja, amekuja mbio kutoka kituo cha daladala, hata jasho halijakauka?

Pili, na hili ndilo nilipendalo kuliko yote, kabla ya kumpa mtu dawa ya utafiti walimjaribu kama ni mtu wa kumeza dawa. Walimpa vidonge visivyo na dawa ya presha, lakini vimetiwa riboflavini, yaani vitamini B2. Alitakiwa arudi kliniki kwa tarehe, aje na chupa yake ya vidonge. Akija, vidonge vilivyobaki vinahesabiwa mbele yake. Kisha anatoa mkojo, unapelekwa chini ya taa ya urujuanimno. Kama amemeza, mkojo unang'aa rangi ya manjano inayokaribia kijani. Kama vidonge alivimwaga njiani ili hesabu itimie, mkojo haung'ai. Waliopita ndio walioingia. Wasiorudi, wasiomeza, waliachwa nje.

Najua kuna mtu anasema kimoyomoyo: basi hao ni watu waliochaguliwa, wagonjwa wetu si hivyo. Ni kweli, na Freis mwenyewe alilijua hilo. Lakini swali lake lilikuwa moja, dawa ikimezwa inaokoa au haiokoi? Huwezi kulijibu kwa watu wasiomeza. Swali la jinsi ya kumsaidia mtu ameze ni la pili, na hilo ndilo letu sisi. Tumelikwepa kwa kumlaumu mgonjwa. Tunamwita mkaidi, ilhali hatujawahi hata kuhesabu vidonge vyake.

Basi waliofaulu walipangwa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa haidroklorothiazidi, reserpini na hidralazini. Kundi la pili likapewa vidonge vinavyofanana navyo, visivyo na dawa ndani. Mgonjwa hakujua yuko kundi gani, na daktari anayemwona hakujua. Wenye presha mbaya zaidi, ambao namba yao ya chini ilikuwa kati ya 115 na 129, walikuwa wanaume 143. Kati yao 73 walipata dawa na 70 walipata vidonge vitupu.

Haikuchukua hata miaka miwili kwa wastani. Katika wale 70 wa vidonge vitupu, 27 walipatwa na makubwa: viharusi, moyo kushindwa kazi, figo kuharibika, damu kuvuja machoni, na 4 wakafa. Katika wale 73 wa dawa, waliopatwa walikuwa 2, na hakufa hata mmoja. Ishirini na saba kwa wawili! Hapo hata bibi yangu asiyejua kusoma angeona. Wakasimamisha sehemu hiyo ya utafiti, wakatangaza matokeo mwaka 1967.

Sehemu iliyobaki, ya wenye namba ya chini kati ya 90 na 114, iliendelea, kwa kuwa kwa hao jibu lilikuwa bado. Wanaume 380 walifuatiliwa kwa wastani wa miaka 3 na zaidi. Matokeo yalitoka 1970: waliokufa kwa sababu zinazohusiana na presha walikuwa 19 upande wa vidonge vitupu na 8 upande wa dawa. Viharusi 20 kwa 5. Kwa hesabu yao, uwezekano wa kupatwa na madhara makubwa ndani ya miaka 5 ulishuka kutoka asilimia 55 hadi 18. Mwaka 1971 Freis akapewa tuzo ya Lasker, na mwaka 1972 serikali ya Marekani ikaanzisha kampeni ya taifa ya kuelimisha watu kuhusu presha. Kila kidonge cha presha kinachotolewa leo katika zahanati ya kijijini kwenu kinasimama juu ya mkojo wa wale wastaafu.

Kuna ndugu kila mwaka ananinyooshea kidole hapa. "Daktari, unawasifu watu waliowanyima wenzao dawa mpaka wakafa. Hii ina tofauti gani na utafiti wa Tuskegee?" Nashukuru kwa swali hilo, maana asiyeliuliza hajali. Tofauti ni kubwa, na nataka muijue vizuri.

Tuskegee uliendeshwa na Idara ya Afya ya Umma ya Marekani kuanzia 1932 hadi 1972. Wanaume weusi 399 wenye kaswende waliachwa na ugonjwa wao ili wachunguzwe. Walidanganywa kwamba wanatibiwa. Penisilini ilipojulikana kuwa ndiyo tiba, hawakupewa, na waliokuwa wakiendesha walijua. Huo ulikuwa ukatili, na haukomi kuwa ukatili kwa kuitwa utafiti.

Kwa Freis jibu lilikuwa halijulikani. Madaktari waaminifu walikuwa pande zote mbili. Na jibu lilipotokea, upande ulioumizwa ulisimamishwa. Utafiti usio na mahali pa kusimama, mimi siutii sahihi, hata uje na fedha za nchi gani. Mkipewa karatasi ya utafiti hapa hospitalini, kabla ya kusoma bajeti tafuteni ukurasa unaosema nani ana mamlaka ya kuusimamisha na kwa dalili gani. Kama ukurasa huo haupo, rudisheni karatasi.

Wala sisemi hospitali za maveterani ni za malaika. Mwaka 1999 serikali ya Marekani ilisimamisha utafiti katika hospitali ya maveterani ya West Los Angeles kwa sababu ya kasoro katika kuwalinda wagonjwa wanaofanyiwa utafiti. Hospitali kubwa, yenye watu wasomi, wakaambiwa wasimame kwanza. Mwanajeshi amefundishwa kutii amri tangu ana miaka 18. Akizeeka, daktari mwenye koti jeupe akimwambia "weka sahihi hapa", ni rahisi aweke. Ndiyo maana ridhaa yake inataka uangalifu zaidi. Na sisi tunaotibu watu wanaotuita "mkubwa" na "mheshimiwa" tuna tatizo hilo hilo. Mama mzee anayekuja kwako hakatai, na kutokukataa kwake usikuite kukubali.

Sasa kwa nini kazi hii iliwezekana kwa maveterani, isiwezekane kwingine? Fedha, ndiyo. Lakini kuna jambo la kabla ya fedha. Vita ya pili ilipoisha, hospitali za maveterani zilifurika na hazikuwa na sifa nzuri. Jenerali Omar Bradley ndiye aliyepewa idara ya maveterani inayoziendesha, na Januari 1946 ukatoka waraka wa kuziunganisha hospitali hizo na vyuo vya udaktari. Wahadhiri wakaingia wodini, wanafunzi wakaingia, maswali yakaingia. Na mgonjwa mwenyewe alikuwa na haki ya kutibiwa hapo, kwa hiyo alirudi. Akihama mji, kulikuwa na hospitali nyingine ya idara ile ile. Kumbukumbu zake zilikuwepo. Mgonjwa anayerudi, na faili linalomsubiri. Nipeni hivyo viwili kwenye hospitali ya wilaya yoyote, nitawaletea majibu ambayo hakuna mgeni atakayetuletea.

Mtasema, hao walikuwa wanaume tu. Kweli, utafiti wa Freis haukuwa na mwanamke hata mmoja, na kwa miaka mingi wanawake walitibiwa kwa hesabu za wanaume. Ni kasoro kubwa na siitetei.

Mtasema tena, hao ni Wamarekani. Hapo nina jibu refu, lakini naona mwenyekiti anatazama saa. Nitalikata. Mwaka 1993 hospitali hizo hizo zilitoa utafiti wa wanaume 1,292 ukilinganisha dawa sita za presha, mtu mmoja dawa moja. Wagonjwa weusi waliitikia vizuri zaidi diltiazemu, dawa ya kundi lenye amlodipini, kuliko kaptopirili, dawa ya presha ya kundi jingine. Swali hilo lilikuja kuulizwa Afrika kwenyewe. Utafiti wa CREOLE, uliotangazwa 2019, ulihusisha wagonjwa 728 weusi katika nchi sita, na majirani zetu Kenya na Uganda wakiwemo. Ulionyesha kwamba mchanganyiko wenye amlodipini ndani yake ulishusha presha vizuri kuliko ule usiokuwa nayo. Hayo ni majibu yaliyotoka kwa wagonjwa wa bara hili. Kwa hiyo mtu asiniambie haiwezekani kwetu.

Nilitaka kuwaeleza habari za Rosalyn Yalow katika hospitali ya maveterani ya Bronx, New York. Mwanafizikia, maabara yake ya kwanza ilikuwa chumba cha mfagizi. Yeye na Solomon Berson waligundua namna ya kupima homoni kidogo mno katika damu, baada ya kufuatilia jinsi insulini inavyokaa mwilini mwa wagonjwa wa kisukari. Hawakuchukua hataza, waliwaachia watu wote. Berson alifariki 1972, Yalow akapata Nobeli 1977. Tukipima homoni za tezi ya shingo leo, njia ilifunguliwa na hao. Wanafunzi, katafuteni habari zao leo jioni.

Chanjo ya mkanda wa jeshi nayo niipitie haraka. Ilijaribiwa chini ya uongozi wa hospitali hizo kwa watu 38,546 wenye umri wa miaka 60 na kuendelea, matokeo yakatoka 2005: waliougua walipungua kwa nusu, na yale maumivu yanayobaki baada ya upele kupona yakapungua kwa theluthi mbili. Kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, Buffalo, 1960, nakiacha. Mpango wa vinasaba wa maveterani milioni moja nao nauacha, ingawa una maswali mazito ya nani anamiliki damu ya nani, na mkinialika tena nitaanza na huo.

Ninaloomba kwa uongozi, na nimeliandika kwenye barua iliyoko mezani kwa mwenyekiti, ni haya. Kila mgonjwa wa presha awe na namba moja ya faili, isibadilike hata akipotea mwaka mzima. Kliniki iwe na mtu wa kumpigia simu asiyerudi ndani ya wiki mbili, na kazi hiyo iwe ya kulipwa, isiwe ya kujitolea. Na vidonge vihesabiwe. Famasia wanasema hawana muda. Nimekaa dirishani kwao nikahesabu mwenyewe, vidonge 28 ni suala la dakika moja.

Mwenyekiti, nimemaliza, tuchukue maswali. Tuanze na wauguzi, maana wao ndio wanaoachiwa madaftari ya kliniki.